Kipigo cha Saa Kumi

Fundi wa lipu alikuwa akigonga ukuta wa chumba cha nyuma kwa mpini wa mwiko, ajue ni wapi lipu ya zamani imeachia, wakati fundi bomba aliyekuwa kando yake alipochapwa kofi lisilo na mtu. Ilikuwa saa kumi kamili alasiri. Hakuna aliyeshtuka. Kila chumba kilikuwa na kipigo chake, na msimamizi alishabandika ratiba mlangoni: ukumbini, saa nne, mateke, chumba cha kulia, saa saba, makofi mawili, ngazini, wakati wowote, shika reli.

Nyumba ilijengwa na tajiri wa ngozi aliyekuwa akiwapiga wake zake mezani. Baadaye ikawa ofisi ya kodi, na walipa kodi wakapigwa mateke ukumbini. Miaka ile ya amri ya kutotoka nje ikawa kituo cha mahojiano. Kisha ikawa ghala la mbolea, na hapo kwa kweli haikutokea shida yoyote. Sasa halmashauri ilikuwa ikiikarabati iwe Nyumba ya Historia ya Mji, na karani mmoja mpole aliajiriwa kuandika historia hiyo kwenye bango. Karani alipigwa teke siku ya kwanza tu. Akajifuta suruali, akaandika: “Nyumba imetumika kwa shughuli mbalimbali za kiofisi.”

Nyumba ilikuwa na utaratibu wake. Anayepigwa hutoa kilio cha yule aliyepigwa mwanzo. Basi fundi bomba, jitu la miraba minne, akapiga magoti na kusema kwa sauti nyembamba isiyo yake, “Mwambieni Bibi Kijiko ale, asinisubiri.”

Mwiko ukamtoka fundi wa lipu mkononi. Bibi Kijiko alikuwa yeye. Baba yake ndiye aliyempa jina hilo, na nje ya nyumba yao hakuna aliyelijua. Alikuwa na miaka saba baba alipoitwa kuulizwa maswali mawili matatu, akaahidi kurudi kabla ya chakula.

Jioni alimkuta mama yake akikunja nguo.

“Mama, leo nimemsikia baba.”

“Anasemaje?”

“Anasema nile.”

“Na wewe ukakataa, ukalala na njaa siku tatu. Kichwa ngumu we!” Mama akanyoosha shati, akalikunja tena. “Wamemweka wapi?”

“Sijui. Kipigo hakijafika huko. Anayepigwa akianguka, kinakoma.”

Mama akaliweka shati kando. Miaka thelathini na mitatu alikuwa amekiweka kilio kifuani, maana hakuwa na kaburi la kukitolea. “Mwanangu, siwezi kukutuma jambo kama hilo,” alisema mwishowe. Hakusema zaidi, na fundi akamwelewa.

Kuanzia kesho yake saa kumi ikawa zamu yake. Siku ya kwanza alistahimili makofi sita. Siku ya pili yakaja makofi na kitako cha bunduki, na ubavu mmoja ukaachia. Siku ya nne jino likadondoka, na wenzake wakamletea maji ya chumvi. “Leo umefika kumi na tisa,” fundi bomba akamwambia, kama mtu anayempongeza. Kila siku alilia kwa sauti ya baba yake, na kila siku alifurahi kuisikia. Lo, alifurahi kweli! Akarudi nyumbani akichechemea, akamsimulia mama kila neno, wakacheka wawili hao pale baba alipomtukana mtesi wake.

Mwenyekiti wa halmashauri alipokuja kukagua, alimtazama fundi shavuni. Kwenye shavu la kulia palikuwa na alama za vidole vinne na pete ya pembe nne. Mwenyekiti akaitia mfukoni pete yake ya pembe nne, pamoja na mkono wake wa kushoto.

“Pole, fundi. Umeanguka?”

“Ni nyumba, Mwenyekiti.”

“Nyumba za zamani zina unyevu,” alisema.

Siku ya tisa fundi hakuanguka. Alipigwa hadi mwisho wa kipigo, kikakatika ghafla, kisha akahisi anakamatwa vifundo vya miguu. Akaburutwa kwa mgongo kupita ukumbini na jikoni, kichwa kikigonga vidato vitatu vya mlango wa uani, mpaka kati ya bomba la maji na stoo. Hapo akaachiwa. Wenzake walikuwa wamefuata nyuma wakiwa wamevua kofia. Alikwangua mstari ardhini kwa msumari, urefu wa mtu mmoja, na fundi bomba akapanga mawe.

Akaenda ofisini kwa Mwenyekiti vilevile, damu haijakauka.

“Nipe siku moja nichimbe, nimpeleke kwa mama.”

Mwenyekiti hakukana kitu. “Hapo ni pa kuegesha magari. Ramani imeshapitishwa, uzinduzi Jumamosi.”

“Yumo baba yangu pale.”

Mwenyekiti akainuka, akamzaba kofi kwa mkono wa kushoto. Lilimwingia palepale penye alama, kila kidole mahali pake. Fundi, kwa mazoea, akageuza shavu la pili.

“Umeshazoea,” Mwenyekiti akasema, akaketi. “Ukiugusa udongo ule, nitamleta mama yako chumba cha nyuma, na safari hii sitaiachia nyumba kazi hiyo. Kesho mimina zege.”

Ijumaa askari wawili wenye virungu walisimama uani kulinda mawe yale yasiguswe. Fundi angeweza kukataa, na mwingine angemimina huku akipiga mluzi. Akachanganya zege mwenyewe. Mama yake alikuja asubuhi, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, rundo la mchanga wa ujenzi miguuni mwake, akalia kwa sauti. Alilia saa mbili nzima, mpaka askari mmoja akampa leso. Karani aliuliza kama hilo liandikwe, akaambiwa bango limeshachapwa.

Kilio kilipoisha mama alijifuta uso, akaitazama kazi ya binti yake kwa makini.

“Tia nondo, mwanangu,” alisema. “Tena nene. Gari la yule bwana ni zito.”