Dawati la Mvule

Joska alikuwa wa nne kwenye foleni ya bomba la kambi, na jua lilikuwa halijatoka bado. Acayo, jirani yake wa mlango wa pili, alimfuata pale bila ndoo.

"Mama Lamwaka, mimi leo siendi."

"Tulisema twende pamoja. Wewe mwenyewe ndiyo ulisema."

"Nilisema. Lakini mume wangu ameitwa kuhojiwa kazini kesho. Wakisikia bibi yake alikwenda kupiga kelele shuleni, itakuwaje?"

"Kelele gani? Tunapeleka deski tu."

"Wewe peleka. Bwana yako walishamfukuza, huna cha kuogopa."

Hakusema kwa ubaya. Ndoo ya Joska ilipojaa alimtwika kichwani, akarudi kwake.

Tangu vita viishe Kampala, mwaka mmoja na nusu sasa, shule iliyo juu ya kambi ya polisi ilikuwa shule mbili. Watoto wa mtaani walisoma kwenye jengo la matofali. Watoto wa kambini, ambao wengi baba zao ni watu wa kaskazini, walisomea bandani nyuma ya vyoo, wamekaa mavumbini, mwalimu mmoja kwa madarasa matatu. Wazazi wakiuliza, wanaambiwa madawati yaliporwa, na kila mtu anajua ni askari wa wapi walipora: wale wa kaskazini walioshindwa vita. Lamwaka, binti wa Joska, alikuwa darasa la saba. Majina ya watakaofanya mtihani wa mwisho yalichukuliwa kwenye jengo la matofali tu, na orodha ilikuwa inaondoka Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatano.

"Kila mtahiniwa awe na dawati," mwalimu mkuu alikuwa amesema mbele ya wazazi wote. Joska aliyashika maneno hayo. Alirudi nyumbani siku ile akakaa akikiangalia kitanda.

Kilikuwa cha mvule. Mumewe Opoka alikileta mwaka aliopata ukoplo. Baadaye polisi walimwachisha kazi, akaenda kwao Kitgum, kaskazini, kumtafuta mama yake, na mpaka leo hakuna habari. Sifuna, fundi Mkenya wa karibu na soko la Bukoto, alikigonga kitanda kwa kidole.

"Dada, mbao kama hii siku hizi huioni. Sasa mtalala wapi?"

"Chini."

"Basi niachie vipande vitakavyobaki, tumemalizana."

Alilitengeneza kwa siku mbili: dawati la watu wawili, lenye egemeo, na kijifereji cha kalamu ambacho hakuna mtu aliyemwagiza.

Asubuhi hiyo Joska alilibeba kichwani juu ya kata ya nguo, Lamwaka nyuma akiishika miguu isiyumbe. Kamis, askari wa geti la shule, aliwafungulia huku anacheka.

"Eh! Mama Lamwaka, leo unahamia kwetu?"

"Mtoto ndiye anahamia."

"Basi pita. Lakini kitu ikiingia hapa mimi naandika."

Akaandika kwenye daftari lake.

Mwalimu mkuu, Erinayo, alikuwa mtu wa sauti ya pole. Alitoka ofisini mwenyewe, akapitisha kiganja juu ya mbao, akakaa kulijaribu.

"Nyabo, wazazi wote wangekuwa kama wewe, shule hii ingekuwa mbali."

Akamwita Kamis alete rangi nyeupe. Herufi za jina la shule zikaandikwa kwenye egemeo, kubwa kubwa. Lamwaka alizitazama zikiandikwa mpaka ya mwisho.

"Nitakaa upande gani, mwalimu?"

"Pole pole, binti. Barua ya RC iko wapi?"

Joska aliitoa kifuani. Mwenyekiti wa RC, baraza la kambi, alikuwa ameipiga mhuri. Mwalimu mkuu aliisoma yote, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Hii ni ya hapa. Mtoto wa kaskazini tunataka ya kwao. Baraza la kijiji chao liseme si mtoto wa waasi."

"Mwalimu, huyu nilimzaa hapa hapa Kampala."

"Baba yake alizaliwa wapi?"

"Kitgum."

"Sasa si umeona?"

"Kitgum kuna vita. Magari hayafiki. Watu wanalala porini, hiyo RC atanipa nani?"

"Najua, nyabo. Hata mimi nasikiliza redio. Lakini vita si mimi niliyeianzisha."

"Na hawa wengine, baba zao uliwauliza walizaliwa wapi?"

Mwalimu mkuu alitazama saa yake.

"Basi nipe deski yangu," Joska akasema.

"Deski yako?" Alishangaa kweli. "Imeshaandikwa jina la shule."

Joska alimgeukia Kamis. Kamis aliinamisha macho kwenye daftari. "Kitu ya shule haitoki bila kibali yake, dada. Watanifunga."

Lamwaka alikuwa amekwisha kaa. Pale pale uani, mgongo kwenye egemeo, mikono juu ya meza, macho mbele, kana kwamba kuna ubao. Vichwa vilijaa madirishani. "Anyanya! Anyanya!" wakaimba, lile jina la kuwatukania watu wa kaskazini. Hakugeuka. Mwalimu mkuu alimwambia inuka, mara mbili, kwa sauti yake ile ya pole. Kisha wavulana wanne wa darasa la saba wakaitwa. Walilinyanyua naye akiwa juu, wakaliinamisha kidogo kidogo mpaka akateleza chini, wakaliingiza ndani.

Alipoinuka, herufi za shule zilikuwa mgongoni mwake, nyeupe, zimegeuka nyuma mbele, kwenye gauni lake la pekee.

Joska alifika Nakasero amechelewa, kwenye hoteli anakofua. Msimamizi hakugomba, alimwonyesha tu mashuka ya ghorofa mbili. Siku nzima alitoa madoa ya watu: chai, damu, divai.

Jioni alimkuta Lamwaka ameketi palipokuwa na kitanda. Sakafu bado ilionyesha alama nne za miguu yake. Joska alimvua gauni, akamimina mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa. Rangi ya namna ile hutoka; alijua.

"Ulirudi bandani?"

"Nilichungulia dirishani kwanza."

"Dawati letu anakaa nani?"

"Jafar, upande mmoja."

"Na upande wa pili?"

"Ameweka mkoba wake."

Kitambaa kilikuwa kimeshagusa herufi ya kwanza. Joska alikiondoa, akakikamulia ndani ya taa, tone kwa tone, mpaka kikakauka.

"Halifuliwi. Limeshaandikwa jina la shule. Kesho utalivaa hivi hivi."

Lamwaka alimtazama mama yake.

"Kwenda wapi?"

Joska alitandika mkeka.