Alichoonja Shangazi

Kwa miaka sita ya kujifunza kufinyanga, macho yangu yalikuwa kwa mtu mmoja tu: Bingwa, mume wa shangazi yangu. Mitungi yake iligombaniwa. Sisi wanafunzi wake wanne tulimwiga hata kukohoa. Mkono wake wa kushoto aliufunga kitambaa kwa kuwa uliwahi kuvunjika. Nasi tukafunga vitambaa vyetu, ingawa mifupa yetu ilikuwa mizima.

Shangazi alikuwa uani, akichanganya udongo. Alichota kidogo, akautia mdomoni, akautafuna polepole, akatema, kisha akaongeza mchanga.

"Shangazi, una mimba ya uzeeni?" nilimtania.

"Mimba ni wewe. Miaka sita nimekubeba na huzaliki. Njoo uonje."

Nilicheka, nikarudi kwa Bingwa. Nani aache bingwa akale matope?

Kisha kiharusi kikamchukua shangazi upande mmoja wa mwili na maneno yote. Tangu siku hiyo tumechoma mitungi mara tano, na mara tano imepasuka, tukatoa vigae. Wenzangu watatu wameshaondoka.

"Alikuwa anatia mchanga kiasi gani?" nilimuuliza Bingwa.

"Sijui, mwanangu. Mimi nililetewa udongo ukiwa tayari." Hakuniangalia. "Nilidhani ni mikono yangu."

Leo asubuhi nilichanganya udongo katika mabakuli saba, kila moja kwa kipimo chake cha mchanga, nikayapanga kando ya kitanda chake shangazi. Nikapiga magoti.

"Shangazi, nisaidie. Ni lipi?"

Nilimwekea udongo kidogo kwenye ulimi. Ulichuruzika na mate hadi shingoni. Akatikisa kichwa. La pili, akatikisa. La tatu, machozi yalimtoka, na mkono wake mzima ukausukuma wangu, ukaurudisha mpaka kwenye midomo yangu.

Nikaelewa. Ulimi wake haujui kitu tena. Anataka wangu.

Nikaonja la kwanza hadi la saba, huku ananikazia macho usoni kama anayesubiri mlango ufunguliwe. Nilitafuta chumvi, uchachu, ukali, chochote. Nilipata udongo. Mchanga ulisaga meno yangu, na sikujua hata ninachotafuta.

"Yote ni sawa, shangazi," nikasema. "Kwangu yote ni sawa."

Akafumba macho. Pumzi yake ilikuwa fupi, yenye mkoromo ambao jana haukuwepo.

Nikatema, nikasukutua, nikalivuta tena bakuli la kwanza.