Sakafu Yangu Haitaki Soksi

Mwanangu alikuja Jumamosi asubuhi na sanduku tupu. Nilijua ni tupu kwa jinsi alivyolibeba, kwa vidole viwili. Huyu hajui kuficha kitu tangu akinyonya. Wiki nzima kabla ya hapo alikuwa akinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwenye simu: mama umekula, mama umepumzika, mama magoti yanasemaje. Kumbe alishakubaliana na mkewe kwamba nihamie kwao ghorofani, nikae kitini nitazame televisheni. Mkewe ndiye aliyeteleza ulimi Alhamisi, akanitajia na siku ya kuja.

Mimi nyumba hii niliingia bibi harusi. Mbao za sebule hii nimezitunza mwenyewe, najua ipi inalia ukiikanyaga na ipi ina alama ya pasi. Niliogopa kutolewa humu, tena niliogopa sana.

Basi nikajipanga. Jana yake nilifagia kwa ufagio laini, maana mchanga ndio unaokwaruza mbao. Nikapitisha kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakidondoshi tone; mbao ukizimwagia maji ya ndoo zinavimba, halafu unaanza kumlaumu fundi. Zilipokauka nikapaka nta nikifuata mistari ya mbao, nikasugua kwa kipande cha blanketi kuukuu. Nilitaka akifungua mlango aione sura yake humo chini, ajue mama yake bado yupo. Labda nta ilizidi kidogo. Labda.

"Vua viatu," nikamwambia mlangoni.

Akavua.

"Na soksi."

"Soksi nazo zina ubaya gani, mama?"

"Humu tunatembea miguu mitupu. Umekulia humu, leo umesahau?"

"Mama, nimekuja kuzungumza jambo la maana, si soksi."

Mtu ana mvi kidevuni, kichwa kigumu vilevile. Akaingia na soksi zake na sanduku lake.

"Mama," akaanza, "kwa umri wako, ukianguka humu peke yako, nani ata..."

Hakumaliza. Mguu mmoja ulielekea jikoni, mwingine dirishani, mwanangu akala mweleka, chali, sanduku juu ya kifua. Kucheka nilicheka, lakini baadaye. Kwanza nilipiga magoti yangu hayohayo mabovu nikamshika kifundo cha mguu, nacho kilishaanza kuvimba. Nikatandika blanketi, akajiviringisha juu yake, nikamvuta hadi kwenye kochi. Kwa sakafu ile, wala sikutoka jasho.

Daktari akasema hakuna kilichovunjika, ila asipande ngazi wiki nzima. Na kwao ni ngazi tupu. Mkewe akamletea nguo, mwanangu akabaki kwangu.

Nilimpikia, nikamkanda mguu, nikamletea maji ya kunawa. Mara ya kwanza nilipochukua kitambaa changu akasema, "Mama, utaanguka." Nikamtazama yeye, kisha nikautazama mguu wake.

Siku zilizofuata alilala pale kochini akinifuata kwa macho, nikienda na kurudi.

"Kumbe ukigeuka unashika meza," akaniambia.

"Siku zote nashika meza. Wewe ndiye hukuwepo."

Akasema, "Naogopa, mama. Simu ikilia usiku, moyo unaniambia ni wewe."

Hasira yote niliyomwekea ikaniishia. Nikakaa karibu naye, nikauweka mguu wake mapajani. "Basi wewe nipigie asubuhi," nikamwambia. "Nisipopokea, njoo. Ila vua soksi."

Akacheka mpaka akaushika ule mguu. Mchana huo aliomba mkasi na gundi, akakata vipande vya blanketi na kuvibandika chini ya miguu ya viti vyangu vyote, visije vikakwaruza mbao. Sikumtuma.

Wiki ilipoisha mkewe akaja kumchukua. Alipotaka kuingia tu, mwanangu akamwahi kutoka kochini: "Soksi, mke wangu, vua kwanza." Nikageukia jikoni nisionekane nikicheka.

Alikuwa bado anachechemea, mkewe kamshika mkono. Kwa hiyo sanduku nililibeba mimi hadi mlangoni, miguu mitupu, na safari hii lilikuwa limejaa nguo zake. Mwanangu akanitazama nikilitua chini.

"Nitakupigia asubuhi, mama," akasema.