Siku Niliyosema na Mukwe Wangu

Nilikuwa ninamenya mihogo mbele ya nyumba yetu ya Kadutu, hapa Bukavu, nikaona jirani yangu Séraphine anapanda kilima mbio, viatu mkononi. Séraphine alifua nguo za mapadri, na kwa mapadri ndiko kulikuwa phonie, ile redio ya kusema na misioni za mbali.

"Maman Georgette, acha mihogo," aliniambia. "Shabunda wanakuita. Delphine amezaa jana, lakini eko na homa mubaya. Mukwe wako atarudi kusema saa ine."

"Mukwe? Aseme na mimi?"

"Na nani tena? Ni mimi nilizaa Delphine?"

Aliniosha mikono yeye mwenyewe. Tukashuka.

Delphine ndiye kitinda mimba wangu. Mume wake, Floribert, alifundisha shule kule Shabunda, ndani ya pori. Alikuwa mtu mwema, lakini sauti yake sikuijua. Kwetu Nyangezi, mukwe na mama mukwe walikuwa wakiogopana kwa heshima. Akiingia kwa mlango wa mbele, mimi ninatoka kwa mlango wa nyuma. Neno lake kwangu alimpa Delphine, naye Delphine alinifikishia. Hivyo ndivyo tulivyopendana.

Mtu wa phonie aliitwa Adalbert. Alinifutia kiti kwa kitambaa chake, akanionyesha kidude cha kusemea.

"Ukisema, finya hapa. Ukimaliza sema 'à vous', yaani zamu yako, halafu achilia, ndipo utasikia."

"Wewe utasema kwa ajili yangu," nilimwomba. "Yule ni mukwe."

Hakunicheka. Alisema, "Nimeelewa, maman," akakaa, akaita Shabunda. Sauti ilikuja kidogo, ikapotea. Akaita tena. Mvua ilikuwa imelegeza waya wa antenne. Adalbert akatoka nje, akapanda ngazi, akaukamata waya kwa mikono yote miwili. Papo hapo sauti ya mwanaume ikajaa chumbani.

"Bukavu, hapa Shabunda. Maman, ni mimi Floribert. Sœur Godelive, mtawa wa hospitali, anataka kumuchoma Delphine sindano ya pénicilline, lakini Delphine anakataa. Homa inamusemesha ovyo, anasema tu, 'Maman anajua.' Sœur anauliza unajua nini. À vous."

"Adalbert, njoo," niliita.

"Nikiachilia waya, hakuna sauti," alijibu kutoka dirishani. "Sina mikono mine, maman. Sema wewe."

Nilijifunika uso kwa kitenge, nikageukia ukuta, nikafinya, nikasema. Shabunda wakajibu kwamba hawasikii kitu.

"Toa kitenge kwa mudomo," Adalbert alisema. "Mukwe hakuoni. Eko Shabunda. Katikati yenu kuna pori muzima."

Lile jina la dawa nililijua tangu zamani. Delphine alipokuwa mdogo alipata jipu, nikampeleka dispensaire ya Nyangezi. Baada ya sindano midomo ilivimba, pumzi ikaanza kulia kama filimbi. Muuguzi Raphaël alimpigania mpaka akapumua vizuri, akakaa naye hata wengine walipokwenda kula. Kisha akaniambia: "Maman, shika jina hili. Pénicilline. Siku yoyote, popote, usikubali wamuchome tena." Sikusoma sana, lakini jina lile nililishika.

Nilishusha kitenge.

"Mukwe wangu, unisamehe. Pénicilline inataka kumuua. Alivimba nayo akiwa mutoto, pumzi ikafunga. Mwambie Sœur atafute dawa ingine. Usimuachie achomwe ile. À vous."

Nikaachilia. Hakuna jibu. Nikarudia nikilia, nikaachilia, nikasikia upepo tu. Nilimwona mwanangu amelala pale na sindano inakuja, na mimi neno langu limeanguka njiani.

Ndipo sauti nyingine ikaingia, ya mzee nisiyemjua, wa misioni ya katikati ya njia.

"Bukavu, hapa Mwenga. Maman, usilie kwa phonie, betri italowa. Shabunda amekusikia. Mimi ninamusikia vizuri. Anasema: hakuna pénicilline. Sœur eko na dawa ingine."

Adalbert alishuka ngazini viganja vyekundu, akaniuliza kwanza kama nimekunywa chai.

Kesho yake nilirudi. Waya ulikuwa umefungwa vizuri, na Adalbert aliniachia kiti. Floribert alisema homa imeshuka, Delphine amekunywa uji, mtoto wa kike ananyonya. Nikaanza kumuuliza mtoto anafanana na nani, na wanamfunika na nini, na kama kuni zinapatikana, mpaka yule mzee wa Mwenga akaingia tena.

"Shabunda, pole. Umepata mama mukwe musemaji."

Misioni zote zilizokuwa zikisikiliza zikacheka.

Zamani habari za Shabunda zilikuja na camion ya mizigo, barabara ikiharibika zikangoja. Kaka ya mume wangu alipokufa kule, tulipata habari matanga yamekwisha. Ninawashukuru waliotengeneza chombo kile. Ninamshukuru Raphaël, na Adalbert na mikono yake, na mzee wa Mwenga ambaye sura yake sikuiona kamwe.

Kwa Pasaka walikuja wote watatu. Nilipika sombe ya majani ya mihogo na samaki. Floribert alikaa akitazama mlango, mimi nikakaa upande wa jiko nikitazama sufuria. Alipotaka chumvi, alimwomba Delphine aniombe.

"Ninyi wawili," Delphine alisema, "kwa phonie munamaliza betri ya mapadri."

Nilimpa chumvi, akampa mume wake.

Walirudi Shabunda. Juma lilelile Séraphine alikuja kuniita, safari hii bila kukimbia. Nilikaa mbele ya phonie, nikasikiliza.

"Maman, hapa Shabunda. Tumefika salama. Ile sombe ilikuwa tamu sana. Nilitaka kukuambia palepale mezani. À vous."