Ukingo wa Kitambaa cha Bibi

Fundi alisema "hakitoshi" mara tatu, na mara ya tatu alisema huku akimtazama Mama Rula nyonga.

"Mita mbili na nusu, dada yangu? Kwa mwili huo nataka nne. Tatu na nusu kama utakubali mikono mifupi."

"Mwili huu haujakuomba maoni," alijibu Mama Rula, akakikunja kitambaa na kukirudisha mkobani. "Nitashona mwenyewe."

Fundi alicheka mpaka pini zikamponyoka mdomoni.

Jina la Mama Rula alilipata chuoni, alikosomea uchoraji wa ramani za majengo, kwa kuwa hakuonekana popote bila rula. Hadi leo hakuonekana popote bila rula. Kitambaa kilikuwa cha marehemu mama yake: rangi ya bilinganya, kingo nyeupe, kimekaa sandukuni miaka kumi na tisa kikingoja siku ya maana. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Binti yake wa pekee alikuwa anaapishwa kuwa muuguzi, na bibi aliyemlea binti huyo wakati mama yuko chuoni hakuwepo tena duniani kumwona. Basi angalau kitambaa chake kingekuwepo ukumbini. Kingine cha namna ile hakikuwepo dukani. Kiwanda kilishafungwa zamani.

Mama Rula akatandaza karatasi ya miraba juu ya meza ya kulia. Kwenye ramani ya nyumba huachi kona isiyo na kazi, akajiambia. Gauni lina ukubwa gani mpaka limwage robo ya kitambaa kikapuni? Akachora mistatili na pembetatu tupu, zimebanana kama vigae, bila upenyo hata wa kupitisha njiti ya kiberiti. Duara la shingo halikutupwa: hilo litakuwa mfuko. Upana wote, ukingo mpaka ukingo, ungemzunguka mwilini na kushonwa kwa mbele. Kitambaa kilikuwa na upana wa sentimita mia moja na kumi na tano baada ya kufuliwa. Nyonga zilikuwa mia moja na kumi. Alizipima mara mbili, kwa matumaini.

Kwanza alijaribu kwa shuka kuukuu. Binti akamkuta sebuleni mikono imemkwama.

"Mama, unafanana na mto wa kulalia."

"Mto unaotembea. Acha kucheka, nishikie hapa kwapani."

Kwapani ndipo palipokuwa na kasoro: mikono haikunyanyuka. Akafuta, akachora upya, akaongeza kipande kidogo cha mraba kila upande. Kwenye shuka la pili mikono ikanyanyuka.

Ila meza yake ilikuwa fupi, kwa hiyo Alhamisi mchana alirudi kwa fundi kuazima ile ndefu ya kukatia.

"Karibu, mhandisi," fundi alisema. "Leo naona maajabu bila kutoka dukani kwangu."

Mama Rula akatandaza kitambaa, akakilainisha kwa kiganja, kisha akagundua ramani yake ameiacha nyumbani. "Usikiguse," alisema akitoka. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka pale. Hakukawia hata dakika kumi.

Aliporudi na karatasi yake, binti akiwa nyuma yake, fundi alikuwa anafuta mkasi kwa fahari.

"Nimekunyooshea kingo. Ule mlia mweupe huvuta nguo ukifuliwa. Miaka thelathini sijaacha hata mmoja."

Ndani ya kikapu cha vitambaa mlikuwa na tepe mbili zenye ukingo mweupe, moja juu ya nyingine, kila moja upana wa sentimita tatu na urefu wa kitambaa chote.

Mama Rula aliweka karatasi mezani. Alichukua rula. Mia moja na tisa. Nyonga za mia moja na kumi haziingii kwenye mia moja na tisa, hata ukishika pumzi.

"Nilikuwa nakusaidia, dada..."

"Nilisema usikiguse."

"Sikukigusa. Nilikata tu."

Binti akamshika mama mkono. "Mama, twende tukanunue kingine. Bibi asingekasirika."

"Bibi yako hakununua kingine. Alinunua hiki." Akazitoa tepe mbili kikapuni, akazikung'uta nyuzi, akazilaza mezani. Upande mmoja ulikuwa umekatwa na mkasi. Upande mwingine, ule mweupe wa kiwandani, hautoki nyuzi hata uuvute kwa meno. Akaugeuza utepe, akaupandisha ule upande mweupe juu ya kidonda cha kitambaa, nusu sentimita tu, maana haukuhitaji kupindwa. Akapima. Akageuza wa pili.

"Mia moja na kumi na nne," alisema. "Nikishona mbele inabaki mia na kumi na mbili."

"Utabanwa," fundi akasema.

"Nitabanwa nikiwa ndani yake."

Fundi akavuta kiti cha cherehani. "Nimekata mimi, nishone mimi."

"Wewe shika ncha ya huko isiburute chini. Kushika tu."

Akashona mita mbili na nusu bila kuinua macho, kisha mita mbili na nusu nyingine. Fundi alishika kwa mikono miwili, anasogea hatua kwa hatua, kimya kama yuko kwenye mtihani. Ndipo Mama Rula akatandaza upya na kukata. Walipomaliza, kikapuni mlikuwa na nyuzi tu. Fundi alichungulia mara mbili.

Jumamosi, mistari miwili myeupe ilishuka mbele ya gauni kutoka kifuani hadi chini, na mmoja mfupi ukapita kwenye kila mkono. Jirani wa kiti akanong'ona, "Huu mtindo umeutoa wapi?"

"Kikapuni," Mama Rula alijibu, bila kugeuka, maana kugeuka kulihitaji mipango.

Jina la binti lilipotajwa alisimama na kunyanyua mikono yote miwili juu. Mshono haukulia.

Baadaye, mlangoni, binti alimkumbatia, akailaza pua palepale penye rangi ya bilinganya, akaanza kulia akiwa na sare yake mpya.

"Mama, huna hata kipande cha kitambaa?"

"Hakikubaki," Mama Rula alisema, akimnyooshea mkono wa gauni. "Futia mkono wangu. Polepole, hapo pana ukingo wa bibi yako."