Digrii Thelathini

Siddharth alikuwa amechoka hata kabla ya kuapa mahakamani. Miaka tisa alikuwa akinyoosha migongo ya watu katika chumba chake mjini Kisumu, na mawakili walikuwa wakimletea majeruhi wa ajali, kila mmoja akitaka ripoti kabla ya Ijumaa. Akaingiwa na mazoea mabaya: kufungua ripoti ya zamani kwenye kompyuta, kubadilisha jina na tarehe, kutia sahihi. Nani angesoma makaratasi yale yote?

Wakili wa kampuni ya bima alikuwa ameyasoma.

"Ripoti kumi na moja, Daktari," alisema, akizipanga mezani. "Watu kumi na moja, na wote wanainama digrii thelathini tu. Na huyu mama anayetoka Dunga, mdai wetu wa leo, naye pia thelathini. Hii ni migongo ama ni matofali?"

Watu wakacheka. Adongo, mama mwenyewe, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, hakucheka. Alikuwa amekaa upande upande kwenye benchi. Tangu pikapu ilipomgonga hakuweza kukaa vingine, wala kuinama kugeuza omena zake juani. Yeye ndiye ambaye Siddharth alimpima kwa makini, nusu saa nzima, na maumivu yake hayakuwa ya kuigiza. Akaandika kwenye kadi kwa kalamu: digrii kumi na mbili. Kisha, akiwa hoi, akachapa ripoti yake juu ya ile ya zamani na kuiacha thelathini ya watu wengine palepale.

Kosa lenyewe aliligundua asubuhi hiyo. Kadi ilikuwa mfukoni. Kuitoa ni kujivua nguo mbele ya watu, na aibu ilimchoma kweli, lakini hakuwa na nguvu ya uongo mwingine. Akaitoa.

"Yake ni kumi na mbili, mheshimiwa. Thelathini niliinakili."

"Na hizi nyingine?" hakimu akauliza.

"Nilinakili pia."

Hakimu akavua miwani. Akaikataa ripoti, akaikataa na kadi, kwa kuwa aliyeziandika ni mtu yuleyule aliyekiri kunakili.

Nje, ndala ilimtoka Adongo ngazini. Akabaki akiitazama tu. Siddharth akachutama, akamvisha.

"Daktari, sasa kesi imeisha?"

"Pole sana, Mama."

Adongo alishika ukuta, akapumua.

"Tangu asubuhi," akasema, "hakuna mtu ameniambia niiname, waone."