Kikombe cha Upande wa Mnyororo

Mtaani Tanghin hakuna asiyejua kwamba Koudbi Kafando aliuza baiskeli ya timu yake ya mbio. Walijua aliwauzia wachuuzi wa Ghana, walijua ilivuka mpaka juu ya lori la vitunguu, na ukiwapa nafasi watakuambia hadi jioni ile Koudbi alikula nini. Mwenyewe alisema mafuriko yalimkumba juu ya tuta la bwawa akitoka mazoezini, akatoka majini na kiatu kimoja, baiskeli ikabaki chini. Nani wa kumwamini? Timu ilikosa mashindano kwa sababu hiyo, wafadhili wakajiondokea, na tangu hapo nahodha wao, Rigobert Nikiéma, hakumpa mkono tena, hata msibani. Koudbi akazeeka na jina hilo mgongoni.

Basi kiangazi hiki maji yamepungua, wafyatua matofali wanachimba udongo bwawani, mara jembe likagonga chuma. Fremu ya baiskeli ya mbio. Koudbi alipopata habari aliacha uji unafuka, akaenda, akaibeba begani na matope yake yote hadi kwa Assita Zerbo.

Assita alikuwa fundi wa baiskeli kuukuu za mbio, zile zinazoletwa kwa makontena hazina nembo, hazina jina, zimepakwa rangi juu ya rangi mpaka hata aliyeziunda angezipita njiani asizitambue. Mpe bomba lenye kutu, aligeuzegeuze, atakuambia limezaliwa nchi gani. Mdomo alikuwa nao pia. Yeye Msamo, Koudbi Mmossi, kwa hiyo watani wa kabila, na utani wao haukuwa na siku ya mapumziko.

"Mtumwa wangu," alisema bila kuinuka, "leo umefukua kaburi la nani?"

"Funga mdomo, mla vichwa vya mbwa. Hii ni baiskeli yangu. Isafishe, ivalishe magurudumu. Rigobert amesema nikija nayo naingia msafarani."

Msafara wenyewe ni huu: kila mwaka kabla ya mbio kuanza, waendeshaji wa zamani hupita mbele ya watu, kila mmoja juu ya baiskeli ya ujana wake, Rigobert akiwa mbele. Koudbi miaka yote aliutazama kutoka nyuma ya kamba, pamoja na wauza karanga.

"Na kama si yako?" Assita akauliza.

"Ni yangu."

"Sijauliza hivyo."

"Wewe mtani wangu. Huruhusiwi kuninyima kitu."

"Kukunyima siruhusiwi, kweli. Na kukudanganya vilevile. Haya, weka hapo uende, unanidondoshea matope."

Akaanza kazi. Matope yalitoka, kutu ikatoka kwa msasa na mafuta ya taa, lakini chini yake hakikubaki kitu cha kusomeka. Mahali pa namba pameliwa. Rangi hakuna hata chembe. Maungio ya mabomba yalikuwa mazuri, yamechongwa kwa mkono, ila hayo hayasemi lolote, maana mafundi wa Ulaya wameibiana mitindo tangu zamani. Alibaki shahidi mmoja asiyeweza kusema uongo. Pale ekseli ya pedali inapopita kuna vikombe viwili vya chuma, kimoja kila upande, vimefungwa kwa hesi, yaani mikato kama ya skrubu. Baiskeli za timu ya Koudbi zote zilikuwa za Kifaransa, na ya Kifaransa kikombe chake cha upande wa mnyororo hufunguka kushoto, kama skrubu yoyote. Ya Kiingereza hesi yake imekatwa kinyume, hufunguka kulia.

Assita akabana fremu kwenye jiriwa, akatia spana, akavuta kushoto. Kimya. Akamwagia mafuta, akakiacha kilale. Akakichoma moto. Akachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana na kuning'inia mzima mzima, mwanamke mwenye mwili wake, majirani wakitazama na kucheka. Kikombe hakikutikisika.

Kila asubuhi Koudbi alifika na kibuyu cha maji ya mtama kutoka kwa mkewe.

"Bado?"

"Bado. Sogea huko, kivuli chako kinaongeza kutu."

"Msamo kashindwa na chuma, atawezana na nini?"

Alicheka, lakini macho yalikuwa kwenye fremu tu, na Assita aliona alivyopita akiishika kidogo kabla ya kuondoka. Wiki nzima alivuta kushoto. Ngozi ya vidole ilichubuka. Ukweli ni kwamba mikono yake ilishajua mapema, kwa sababu chuma kilichoganda kina namna yake ya kugoma na chuma unachozidi kukikaza kina namna nyingine. Alijua, akaendelea kuvuta kushoto, maana alimpenda yule mzee na alitaka iwe yake.

Mwishowe, siku moja mchana, akaweka spana upya, akavuta kulia. Kikombe kikalia mara moja, kikaachia, kikaja taratibu mkononi. Akachukua kikombe cha Kifaransa kutoka kwenye droo, akajaribu kukifunga pale. Hesi haikukishika hata mzunguko mmoja. Akakaa chini, akakasirika na kila kitu, hata na aliyelichimba bwawa.

Koudbi alipofika alimwambia, "Baba, kaa kwanza."

Koudbi hakukaa. Miaka yote hiyo hakuwahi kuitwa baba na mwanamke huyu.

"Nitukane," akasema.

 Assita akampa kikombe alichokitoa kwenye fremu na kumweleza yote. Koudbi akakifunga kwa vidole vyake, kushoto, akakifungua, kulia, akarudia.

"Labda walituletea moja ya Kiingereza."

"Wewe ndiye uliyeiendesha. Ilikuwa ya Kiingereza?"

"Hapana," akasema Koudbi, na machozi yakamlenga. Akayafuta kwa kiganja chenye grisi. "Imalizie hivyo hivyo. Nitaipanda kwenda bwawani. Yangu bado iko kule."

Assita akaimaliza: magurudumu, kiti cha ngozi, breki, usukani uliopinda. Ilibaki siku moja kabla ya msafara. Asubuhi hiyo Koudbi alikuja kuichukua, jembe begani, na hata hajaipanda Rigobert akatokea, kanzu yake imepigwa pasi. Alikuwa amesikia fremu ya bwawani imekamilika. Aliizunguka baiskeli, akashika usukani, uso ukabadilika.

"Ndiyo hii," akasema. "Hii naijua. Nimekukosea, Koudbi. Nimekukosea mbele ya watu. Kesho utakaa mbele, ubavuni mwangu."

Akanyoosha mkono.

Assita alisimama na spana yake. Hakuna aliyemuuliza kitu, na kwa aibu alijikuta anamwombea mzee aupokee. Koudbi aliutazama ule mkono. Alikuwa ameutaka kuliko alivyotaka kitu chochote tangu ujana wake, na ilionekana wazi usoni.

"Rigobert," akasema, "hii si ile."

"Naikumbuka kabisa."

"Hukumbuki. Muulize huyu mla mbwa."

"Ni ya Kiingereza," Assita akasema. "Hesi yake kinyume."

Rigobert akawatazama wote wawili. Akashusha sauti. "Anajua nani? Sisi watatu. Tuyamalize, bwana, tumeshazeeka."

"Wewe yamalize. Mimi sitasamehewa kwa baiskeli ya mtu mwingine. Sikuuza. Ilizama, iko chini pale, na nitachimba mpaka mvua inifukuze, na ikikauka nitarudi."

Akaweka mguu juu ya pedali. Rigobert hakuondoka njiani. Mkono wake ulikuwa bado hewani, kama kwamba alikuwa ameusahau.

"Ulianguka upande gani wa tuta?"

Koudbi akashusha mguu. Miaka yote watu walimuuliza aliuza bei gani, aliuza kwa nani, zile fedha alifanyia nini. Hili hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Mashariki," akasema. Akalishusha jembe begani. "Mashariki, karibu na mlango wa maji."

Rigobert akaanza kukunja mikono ya kanzu yake.

"Assita," akasema, "una jembe jingine?"